Hiace ya mizigo inavuma kama pipa: nianzie wapi?

Swali: "Fundi, habari ya kazi. Mimi hukodisha mahema na viti vya sherehe, nipo Donholm. Mwaka huu nimenunua Hiace ya mizigo, ile boksi ya dizeli, nyuma ni bati tupu. Haijamaliza miezi saba na tayari viti vya chuma vimechuna rangi ya sakafu, nguzo za hema zimebonyeza kuta, na kelele haivumiliki. Dereva wangu akirudi kutoka Machakos anasema masikio yanamvuma mpaka usiku. Jirani ananiambia nikate magodoro ya zamani nibandike kila mahali. Mwingine anasema ninunue ile lami ya karatasi ya kuziba mapaa. Nataka kulinda bodi na kupunguza kelele bila kumaliza mtaji. Wakati mwingine tunabeba pia jenereta na mtungi wa gesi wa mpishi. Nianzie wapi?"

Mama, magodoro usiyabandike. Naliweka hilo mbele kwa sababu ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote, na huliua gari polepole mwenyewe asijue.

Kuna gari dogo la mizigo lililoletwa kwangu Industrial Area, mwenyewe akisambaza maua mjini, ndoo za maji zimepangwa nyuma. Alikuwa amefanya vile vile unavyoshauriwa: sponji ya godoro sakafuni na kutani, juu yake plaiwudi, juu ya plaiwudi zulia. Kwa macho lilipendeza. Yeye alilalamikia harufu tu. Tulipong'oa ubao wa kwanza, sponji ilinyanyuka nzito kama mkate uliotumbukizwa kwenye chai, ikatiririsha maji ya rangi ya udongo mwekundu. Nikachukua bisibisi nikaliegemeza kwenye bati, pembeni ya ile nundu ya bati inayofunika gurudumu, bila kusukuma. Lilizama hadi kwenye mpini. Siku tisa tulikata na kuchomelea sakafu ya gari ambalo injini yake ilikuwa bado nzima kabisa.

Sponji ya godoro ina matundu yaliyoungana, kwa hiyo hunyonya maji na kuyakumbatisha na bati. Kutu haihitaji kingine zaidi ya maji na hewa. Wala usiseme wewe hubebi maji: mahema yanarudi alfajiri yamelowa umande, na usiku wa Juni na Julai, Nairobi ikiwa na baridi yake, unyevu uliomo garini hugusa bati na kugeuka matone, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Bati lililo wazi hukauka kufikia saa nne asubuhi. Lililofunikwa na sponji halikauki. Tena sponji hiyo hushika moto upesi sana na moshi wake ni sumu. Kwa gari linalobeba jenereta na gesi, hiyo peke yake ingetosha kuniambia hapana.

Lami ya karatasi ni shauri lenye ukweli nusu. Uzito wake na unato wake kweli hutuliza bati. Tatizo ni joto. Boksi lililoegeshwa juani mchana kutwa kwenye harusi, paa lake huwezi kuliwekea kiganja, na lami hulegea hapo, hutambaa, hunuka, mwisho hubanduka na kudondokea mahema ya watu. Ikiwa umekwisha kuinunua, itandaze sakafuni chini ya ubao, mahali jua halifiki. Paani na kutani usiipeleke.

Sasa tuizungumzie kelele yenyewe, kwa sababu watu wengi hununua dawa kabla ya kujua ugonjwa. Panda gari na dereva wako, asubuhi mapema ya Jumapili, mchague kipande kimoja cha barabara kisicho na msongamano, tuseme Eastern Bypass. Mwende kilomita 60 kwa saa gari likiwa tupu, mrudi hapo hapo kwa kasi hiyo hiyo likiwa na viti na nguzo. Tofauti ikiwa kubwa, basi sehemu kubwa ya kelele yako ni mzigo kugongana wenyewe kwa wenyewe, na hakuna kitu utakachobandika ukutani kitakachozuia chuma kugonga chuma. Hapo dawa ni kufunga mzigo, nitaifikia.

Kisha, kwa kasi ile ile, dereva ashushe gia moja. Sauti ikipanda pamoja na mzunguko wa injini, ni injini au eksozi. Ikibaki vile vile, ni matairi au beringi. Tairi lililolika vibaya huimba wimbo mmoja mrefu unaopanda na mwendo. Beringi iliyochoka hubadili sauti ukikata kona, upande mmoja ikizidi, upande mwingine ikipungua. Nimeona watu wakitumia pesa nyingi kuficha mlio wa beringi moja mbovu. Kwanza iondoe hiyo, maana hata usalama wako umo humo.

Jambo moja la Hiace hasa: injini yake iko chini ya viti vya mbele. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mngurumo unaomchosha dereva hautoki nyuma, unatoka chini ya makalio yake. Nyanyua kiti, angalia mfuniko wa injini na mpira unaouzunguka. Mpira ukiwa umekauka au umekatika, sauti na joto hupita hapo kama mlango ulioachwa wazi. Mpira mpya, na klipu za mfuniko zikaze sawasawa. Ni kazi ya nusu saa, na mara nyingi ndiyo inayoleta nafuu kubwa kuliko zote kwa gharama ndogo.

Milango ya nyuma na ule wa kuteleza nayo ijaribiwe. Weka kipande cha karatasi kati ya mlango na mpira wake, funga, kisha vuta. Karatasi ikitoka bila kukaza, hapo hapazibi. Zunguka mlango mzima, kila kiganja kimoja jaribu tena. Usichukulie hili kama suala la kelele peke yake. Gari linapokimbia, hewa nyuma yake hujikunja na kurudi, na moshi wa eksozi unaweza kunyonywa ndani kupitia mpira wa mlango wa nyuma uliochakaa. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi. Dereva anayeumwa kichwa kila safari ndefu, mimi humwuliza kwanza kuhusu mpira wa mlango na viungo vya eksozi, ndipo nimwulize kuhusu kelele. Mwulize wako.

Na kuhusu masikio yake: kuvuma mpaka usiku ni dalili kwamba yamebebeshwa kuliko uwezo. Kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 hapa Kenya zimeweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Programu ya simu haipimi kwa usahihi wa chombo cha maabara, lakini iweke karibu na kichwa chake mkiwa barabarani, isome kabla ya marekebisho haya na baada yake, utaona kama pesa yako imefanya kitu. Na apimwe masikio hospitalini. Usikivu uliopotea kwa kelele haurudi.

Haya, twende kwenye bati.

Gonga ukuta wa boksi katikati kwa kifundo cha kidole, kisha gonga karibu na nguzo ya bodi, ule mhimili wa chuma unaoshika bati. Katikati utasikia mlio mrefu unaobaki hewani. Kwenye nguzo utasikia "ko", basi. Bati pana na jembamba lililoshikwa kando zake tu ni ngoma, na barabara ndiyo inayolipiga. Mvua ya Aprili ikinyesha juu ya paa lako, ni ngoma hiyo hiyo. Kinachohitajika ni kuzima mtikisiko wa bati lenyewe, na kwa hilo kuna shiti za butili, mpira laini unaonata wenye mgongo wa alumini, unene wa milimita 2 hivi. Utazipata kwa wauzaji wa spea Kirinyaga Road na kwa mafundi wa redio za magari. Bati linapotaka kupinda, mpira ule hubanwa na kuvutwa kati ya bati na alumini, na nguvu ya mtikisiko huishia kuwa joto dogo usiloweza kulihisi kwa mkono.

Habari njema kwa mfuko wako ni kwamba huhitaji kufunika ukuta mzima. Funika katikati ya kila uwanja wa bati, kati ya robo na nusu ya eneo lake. Ukipita hapo unaongeza uzito na gharama kuliko unavyopunguza mvumo. Kwa boksi lako, kuta na paa kwa pamoja ni kama mita 12 za mraba. Theluthi yake ni mita 4. Kila mita ya mraba ya shiti hizi ina kilo 3 hadi 4, kwa hiyo utaongeza gari kilo kama 15. Nundu mbili za magurudumu ya nyuma ndizo pekee ninazozifunika zote, kwa sababu hapo ndipo tairi, kokoto na maji hupigia moja kwa moja.

Kubandika kunataka subira. Osha bati kwa sabuni, likauke, kisha lipanguse kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe. Bati lenye mafuta halishiki kitu. Kata shiti, bandua karatasi, weka, halafu iviringishie rola ndogo ngumu kwa nguvu, ukianzia katikati kwenda kando. Mgongo wa alumini huwa na vinundu vilivyochorwa. Endelea kuviringisha mpaka vilale. Pasipolala pana hewa chini, na penye hewa hapafanyi kazi, tena siku moja patabeba maji. Ukimaliza, gonga tena kwa kifundo. Ule mlio mrefu unakuwa "tup", kama kugonga meza ya mbao. Hakuna kipimo kingine ninachokiamini zaidi ya hicho.

Matundu madogo yaliyo chini ya kuta na ndani ya milango usiyazibe hata moja. Fundi asiyejua huyaona kama kasoro akayajaza silikoni. Humo ndimo maji yanayopenya kando ya kioo hutoka nje.

Kabla ya shiti yoyote, hata hivyo, kuna kutu. Magari tunayopokea kutoka Japani, mengine yametoka sehemu zenye theluji ambako barabara humwagiwa chumvi, na chumvi ile hukaa kwenye mikunjo. Ng'oa kila kitu, fagia, piga tochi kila kona. Mahali viti vilipochuna hadi chuma, piga msasa hadi kung'ae, ukianza na mkali wa 80 na kumalizia na laini wa 240, panguza, kisha rangi ya msingi ya kuzuia kutu mara mbili, kisha rangi ya juu. Iache ikauke siku zilizoandikwa kwenye mkebe. Mibonyeo ya kuta, mama, usiihangaikie. Itafunikwa na ubao. Panyooshwe tu pale rangi ilipopasuka.

Sakafu ndiyo napenda uitumie pesa bila kujibana. Chukua plaiwudi ya milimita 12 isiyoogopa maji, ile wajenzi wanayoiita marine. Shiti moja ya futi 8 kwa 4 ina uzito wa kilo 21 hivi, na utahitaji moja na nusu. Watu hununua ubao mzuri wakasahau kingo zake: maji huingilia kwenye kingo, si usoni. Kila kingo iliyokatwa, hata ya tundu la skrubu, ilambishwe vanishi mara tatu. Chini ya ubao, juu ya matuta ya bati, bandika vipande vyembamba vya foamu ya milimita 3 hadi 5 yenye matundu yaliyofungika, kama ile ya mikeka ya mazoezi. Usimwamini muuzaji kwa mdomo. Kata kipande kidogo, kitumbukize kwenye glasi ya maji kikiwa kimekandamizwa na jiwe, kilale humo. Asubuhi kifute na ukikamue. Kikitoa maji, ni sponji, mrudishie. Na foamu ikae juu ya matuta tu. Mifereji iliyo kati ya matuta ibaki wazi ili maji yawe na njia ya kwenda mlangoni.

Kutoboa sakafu ni jambo la kuogopwa. Chini yake kuna tangi la dizeli, mabomba ya breki na nyaya. Tumia kwanza matundu ya boliti yaliyokuja na gari, yale ya vitanzi vya kufungia mzigo. Mara nyingi yanatosha kushikilia ubao wote. Pakiwa hapana budi kutoboa, mtu mmoja alale chini na tochi akuonyeshe, na ncha ya drili ivalishwe kipande cha bomba kinachoiachia itokeze kidogo tu kupita unene unaotobolewa. Tundu likishatobolewa, lipakwe rangi ndani yake kabla ya boliti kuingia.

Juu ya ubao utaambiwa uweke bati la alumini lenye vinundu, lile la kukanyagia kwenye ngazi za malori. Ni zuri, ni jepesi, na linang'aa. Kwa kazi yako silitaki. Miguu ya viti vya chuma juu ya bati ni kelele mpya uliyoinunua mwenyewe, na mvua ikilowesha, kijana aliyebeba viti sita huteleza. Weka mkeka mzito wa mpira wenye mistari, milimita 5. Alumini iwe ukanda mmoja tu mlangoni, pale viti vinapoburutwa kuingia, na chini yake pawe na rangi na utepe. Alumini ikigusana na chuma kitupu penye unyevu, huliwa.

Kuta za chini, kufikia usawa wa kiuno, zifunikwe plaiwudi nyembamba ya milimita 6. Nyuma yake waweza kujaza blanketi la nyuzi za poliesta, si pamba wala sufu, na liishie upana wa vidole vinne juu ya sakafu. Hilo hunyonya sauti inayorukaruka ndani ya boksi. Peke yake, bila shiti za butili, halitafanya kitu kwa ule mvumo mzito. Kazi yake ni sauti nyembamba. Halafu zile nguzo. Nguzo hazitaki ukuta mgumu zaidi, zinataka mahali pao. Funga kando ya ukuta mabomba mawili au matatu ya plastiki ya inchi 4, yale ya maji taka, yamepasuliwa kwa urefu wake, yametandikwa zulia ndani, nguzo zilale humo na kukazwa kwa mipira ya tyubu. Zulia la mitumba la Gikomba linatosha kabisa, mradi unaweza kulitoa na kulianika.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu ile rangi nzito ya kupuliza inayokauka kama ngozi ya mamba. Ni ulinzi mzuri kwa pikapu iliyo wazi. Kwa kelele husaidia kidogo tu. Aina za poliurethani zina kemikali inayoweza kumpa mpulizaji pumu ya maisha, na kitambaa cha kufunga mdomo hakimkingi. Anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi. Nimeona vijana wakiipuliza ndani ya boksi lililofungwa wakiwa na skafu usoni. Kazi ya namna hiyo usiilipie.

Sasa kiambaza, ukuta wa kumtenganisha dereva na mzigo. Ningekuwa na uwezo wa kukulazimisha kitu kimoja, kingekuwa hiki.

Hapa watu huanza kununua vifaa vizito vya kuzuia sauti, vinili nzito (shiti ya plastiki) ya kilo 5 kwa mita ya mraba, na kutaka kuizungushia gari zima. Kanuni ya uzito ni ngumu: ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, sauti inayopita hupungua desibeli 6 hivi, na sikio la mtu huhitaji desibeli kama 10 ndipo liseme kelele imekatika nusu. Sasa piga hesabu ya mita 12 za mraba: ni kilo 60. Kiambaza nyuma ya viti kina mita 2 tu. Hapo vinili hiyo ni kilo 10, na inasimama kati ya masikio ya dereva na kelele yote ya nyuma. Sharti lake ni kuziba. Ukuta wenye uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata uujenge kwa zege. Kwa hiyo kingo zote zipate mpira, na matundu ya nyaya yazibwe.

Kiambaza hicho ndicho pia kitakachomrudisha kijana wako nyumbani. Kanuni ya Ulaya ya kufunga mizigo huhesabu kwamba breki kali inaweza kusukuma mzigo mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake. Viti 100 vya kilo 4 ni kilo 400, kwa hiyo ni kama kilo 320 zinazokuja kwa kishindo, na nguzo za hema hazihitaji hata hizo. Kwa hiyo kiambaza kisiwe ubao ulioshikizwa kwa skrubu za fanicha. Fundi wa chuma, kule Kariobangi Light Industries wapo wengi wazuri, akuchomelee fremu ya bomba la mraba, ifungwe kwa boliti kwenye nguzo za bodi, kisha plaiwudi ya milimita 12 upande wa mzigo na vinili upande wa dereva. Acha kidirisha cha polikaboneti, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, ili aone nyuma.

Hata ukiwa na kiambaza, funga mzigo. Viti vikirundikwa, weka kipande cha zulia kati ya rundo na rundo, kisha mkanda wa racheti, ule unaokazwa kwa mpini wake, juu na mwingine ubavuni, ukishikwa kwenye vitanzi vya sakafu. Akaze, aende kilomita tano, asimame, akaze tena, kwa sababu viti hukaa vizuri baada ya matuta ya kwanza. Viti visivyocheza havipigi kelele, havichuni rangi, wala havibonyezi ukuta.

Mtungi wa gesi umenifanya niandike jibu hili kwa haraka zaidi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mbili. Ikivuja haipandi na kutoka, inatuama sakafuni, na gari tunalotaka kulitengeneza ni sanduku lililozibwa vizuri, lenye jenereta yenye petroli ndani. Ushauri wangu ni mtungi usafiri kwa pikapu ya wazi au uletwe na mpishi mwenyewe. Siku isiyowezekana, mtungi usimame wima, umefungwa kwa mkanda, valvu imezibwa na kofia yake, uwe wa mwisho kupakiwa na wa kwanza kushushwa. Mwambie fundi wa bodi akuwekee matundu mawili ya hewa yenye wavu, moja chini kabisa karibu na mlango wa nyuma na jingine juu upande wa pili, yasifunikwe na mzigo. Jenereta ipoe kwanza, bomba lake la mafuta lifungwe, ndipo ipande. Asivute mtu sigara karibu na milango inapofunguliwa.

Kwa mtaji mdogo, mimi ningeanza wiki hii na mpira wa mfuniko wa injini, mipira ya milango, mikanda ya racheti na yale mazulia. Hayo peke yake dereva atayasikia. Mwezi ujao kutu na sakafu, kwa sababu kila wiki inayopita chuma kinaliwa. Kisha kiambaza. Shiti za butili zianze kwenye nundu za magurudumu na paa, kuta zifuate pesa ikipatikana. Jumla ya vyote, kwa hesabu yangu, ni kama kilo 120, yaani uzito wa viti 30. Viondoe hivyo kwenye idadi unayopakia gari likijaa, usiiongezee ekseli mzigo.

Wiki mbili baada ya sakafu kuingia, kaza upya boliti zote, maana ubao hujikandamiza. Na mvua za masika zikiisha, mwambie dereva anyanyue kona ya mkeka wa mpira, ile ya kushoto nyuma karibu na mlango, aingize vidole chini hadi kwenye ubao. Vikitoka vimelowa, niandikie tena kabla hujafanya kitu kingine chochote.